Rimu Hufuata Breki: Kazi Niliyoifanya kwenye Impreza ya Mwaka 1994

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1994, ile ambayo wapenzi wa Subaru huiita kwa namba ya bodi yake, GC8. Ni saluni ndogo ya milango minne yenye injini ya lita mbili ya tabo, inavuta kwa magurudumu yote manne. Sisi wa ukanda huu jina la Impreza lilitufikia sana kupitia Safari Rally ya Kenya, ambako Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Ya kwangu haijawahi kushindana na mtu. Inanipeleka nyumbani na kunirudisha kazini.

Nyumbani ni Mbalizi, Mbeya, na kazi iko Dar es Salaam. Katikati kuna kilomita zaidi ya 800, na kwenye kilomita hizo kuna sehemu tatu ambazo kila dereva wa njia ile anazijua. Kuna Mikumi, barabara inapopita ndani ya hifadhi na mnyama anaweza kutokea popote. Kuna mlima wa Kitonga, upande wa Iringa. Na mwishoni kabisa kuna mteremko wa Iwambi, unaoshuka kuelekea Mbalizi, ambao umeua watu wengi. Ukienda Mbeya, Kitonga unaipanda, na kuipanda ni kazi ya injini. Kurudi ndiko kuna kazi ya breki: kona zimebana, malori yamejaa mzigo mbele yako na nyuma yako, na hakuna nafasi ya kupumzisha pedali.

Breki za gari hili hazikuwa mbovu. Mjini zilishika vizuri, na trafiki angelikagua asingepata la kusema. Ila kwenye mteremko mrefu pedali ilianza kuwa laini, kila kona ikizama kidogo zaidi ya kona iliyopita, na harufu ya pedi ikaingia ndani ya gari. Ukifika chini ukasimama dakika chache, mambo yanarudi sawa, na hapo ndipo watu wengi wanaposahau. Mimi nilikataa kusahau. Mke wangu na watoto hukaa ndani ya gari hilo.

Kilichonisaidia kuelewa ni hesabu ya sekondari. Nishati ambayo breki inatakiwa kuigeuza joto ni nusu ya uzito wa gari ukizidisha na kasi mara kasi. Gari la kilo 1,400 pamoja na abiria na mizigo, likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, linaachia kwenye diski takriban kilojuli 540. Kutoka kilomita 140 linaachia karibu mara mbili ya hizo, ingawa kasi haijaongezeka hata kwa nusu. Mteremko nao una hesabu yake. Kila mita 100 za kimo unachoshuka zina nishati sawa na kulisimamisha gari zaidi ya mara mbili na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa, uwe una haraka au huna. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ruaha Mbuyuni, baada ya kuishuka Kitonga, iko chini sana ya hapo. Sehemu ya joto hilo inabebwa na injini ukishuka kwa gia ndogo, sehemu inachukuliwa na upepo, na inayobaki yote inaishia kwenye vipande vinne vya chuma na pedi zake.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa fundi wangu wa Ilala, mzee aliyeanza kazi hii enzi za Peugeot 504, nilikuwa tayari na wazo la kuweka breki kubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Mdogo wangu, hizi zilizopo umewahi kuziona zikiwa nzima?"

Nilimwambia hapana, gari nimelipata lilivyo.

"Basi tuanze hapo."

Nawashauri wote wenye gari la umri huu waanze hapo alipoanza yeye. Kabla hujaongeza kitu, lirudishe gari kwenye hali iliyotoka nayo kiwandani. Gari la miaka thelathini lina mipira ya breki ya miaka thelathini. Ile mipira inayounganisha paipu ya bodi na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) huharibika kwa ndani huku nje ikionekana salama. Ukikanyaga breki inavimba, na msukumo uliotakiwa kufika kwenye pistoni inayosukuma pedi unaishia kuutanua mpira. Tuliitoa yote minne tukaweka mipya. Nati za paipu kwenye gari lililokaa pwani zimeshikwa na kutu, na ukizilazimisha kwa spana ya kawaida zinakuwa duara. Mzee ana spana ya paipu, ile inayokumbatia nati karibu pande zote. Usimruhusu mtu aziguse bila hiyo.

Kisha mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko cha kikopo, na Dar es Salaam ina unyevu wa kutosha mwaka mzima. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachotakiwa na viwango ni nyuzi 155 tu. DOT 3 huanzia 205 na kushuka hadi 140. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kirahisi, hivyo pedali inazama bila kufanya kazi. Ile hali ya Kitonga, pedali kulainika na kisha kupona yenyewe baada ya kupoa, kwa sehemu kubwa ilikuwa hii. Tulimwaga yote, tukaweka DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa mbele yetu, na tangu hapo nabadilisha kila mwaka. Chupa iliyobaki nusu kwenye rafu ya gereji haiingii kwenye gari langu hata kama ni ya bure.

Kalipa nazo zilifunguliwa. Pistoni moja ya mbele ilikuwa na kutu pembeni, ilitoka kwa shida na kurudi kwa shida zaidi, kwa hiyo pedi ya upande huo ilikuwa inagusa diski muda wote. Ripea kiti ya mipira haina bei ya kutisha. Muhimu ni grisi: mipira ya breki inataka grisi yake maalumu, maana grisi ya kawaida ya beringi imetokana na petroli na inaufanya mpira uvimbe na kulainika. Vivyo hivyo kwa yeyote anayeongeza oili ya injini au ya stelingi kwenye kikopo cha breki kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Baada ya hapo mipira yote ya mfumo, kuanzia masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), huwa imekwenda.

Kwa kazi hiyo peke yake gari lilibadilika. Pedali ilikuwa ngumu na fupi, na gari likawa linasimama bila kuvuta upande. Kama ningekuwa naendesha Dar tu, ningeishia hapo na pesa iliyobaki ningenunulia tairi nzuri. Nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu naona vijana wakinunua kalipa nyekundu huku mafuta ya breki yakiwa meusi kama kahawa.

Ila mimi nashuka Kitonga. Diski za mbele za gari langu zilikuwa za milimita 277, na kalipa zake ni za kuteleza zenye pistoni mbili upande mmoja. Matoleo ya baadaye ya Impreza yalipata diski za milimita 294 na kalipa za pistoni nne zisizoteleza, mbili kila upande. Uzuri wa Subaru za miaka ile ni kwamba sehemu ya kufungia kalipa ya mbele haikubadilika, hivyo kalipa ya pistoni nne inaingia kwenye nakoo (chuma kinachobeba gurudumu na kalipa) ya gari la zamani kwa bolti zilezile. Bati la vumbi lililo nyuma ya diski linahitaji kukunjwa kidogo, basi.

Kuna imani kwamba pistoni nne zina nguvu mara mbili ya pistoni mbili. Haiko hivyo. Kalipa ya kuteleza ikisukuma pedi moja, mwili wake unarudi nyuma na kuivuta pedi ya pili kwa nguvu ileile, kwa hiyo pistoni mbili za upande mmoja zinafanya kazi ya pande zote mbili. Ukitaka kulinganisha, linganisha ukubwa wa pistoni za upande mmoja tu. Faida ya kalipa isiyoteleza iko kwingine: mwili wake haujikunjui sana, pedi inabanwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho wake, na hakuna pini za kuteleza zinazoweza kukwama kwa vumbi na kutu. Diski kubwa nayo ina mambo mawili. Pedi inashika mbali zaidi na katikati, hivyo kwa nguvu ileile gurudumu linazuiwa zaidi. Na ina chuma kingi zaidi cha kubeba joto na eneo kubwa zaidi la kulitoa. Kwa mtu wa mteremko, hili la pili ndilo alilolipia.

Wapo walionishauri niende moja kwa moja kwenye breki za kampuni ya Brembo zilizokuja na Impreza STI, toleo lenye nguvu zaidi, za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000: diski za mbele za milimita 326, za nyuma 316. Ni breki nzuri mno, sina ubishi nazo. Lakini zinadai rimu za inchi 17, na za nyuma zina mambo ya ziada ya handibreki, kwa sababu ngoma ya handibreki iliyo ndani ya diski ina kipenyo tofauti na ya gari langu. Halafu STI za kuanzia mwaka wa modeli 2005 zina matundu ya nati kwa mpangilio wa 5x114.3, yaani matundu matano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, wakati za kwangu ni 5x100, kwa hiyo hata diski lazima uchague zilizotoka kwenye gari sahihi. Na rimu ya inchi 17 maana yake ni tairi yenye ubavu mfupi. Kati ya Dar na Mbalizi kuna matuta yasiyohesabika, mengine yasiyo na alama, na mashimo baada ya mvua. Ubavu wa tairi ni sehemu ya shokapu zangu. Sikutaka kuutoa.

Kalipa nilizipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, za mtumba kutoka Japani, zikiwa zimekauka mipira lakini pistoni zake safi. Unapochagua, zishike mkononi zote mbili na uangalie nipo ya kutolea upepo. Ikishafungwa kwenye gari, nipo lazima iwe juu. Kalipa ya kulia ukiifunga kushoto inaingia bila shida, ila nipo inakuwa chini na hewa inabaki imekaa juu ambako haitoki hata mpige pedali hadi usiku. Nimeona watu wamefukuzana na hewa ya namna hiyo kutwa nzima. Diski na pedi nilinunua mpya. Kwa mtumba, mimi nanunua chuma kinachoweza kufunguliwa na kukaguliwa. Pedi siinunui ya mtumba, na siinunui kwa mtu asiyeweza kunionesha boksi lake, kwa sababu pedi bandia huijui mpaka ikishapata joto.

Nyuma niliacha diski zilezile za milimita 266. Hapa nilitafakari sana, maana ukiongeza nguvu mbele tu, magurudumu ya mbele yanawahi kujifunga huku ya nyuma yakiwa hayajafanya sehemu yao, na umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka. Lakini tofauti ya 277 na 294 si kubwa hivyo, na mchanganyiko wa 294 mbele na 266 nyuma Subaru wenyewe waliutumia kwenye baadhi ya WRX walizouza Marekani. Niliweka pedi za aina moja mbele na nyuma, ili zianze kushika kwenye joto linalokaribiana. Mtu anayeweka pedi za mashindano mbele na za kawaida nyuma hajui gari lake litafanya nini asubuhi ya baridi ya Mafinga.

Sasa rimu. Hapa ndipo kichwa cha maelezo haya kilipotoka. Rimu zangu za inchi 15 zisingeweza kuivaa kalipa mpya. Mwili wake unagonga ndani ya rimu kabla rimu haijafika kwenye habu, sehemu ambayo gurudumu hufungwa. Nilikuwa najua hilo kabla sijanunua chochote, na ndiyo sababu nilikuwa nimejizuia kununua rimu kwanza, ingawa Ilala kuna rimu nzuri za kumtoa mtu udenda kila baada ya duka. Ukinunua rimu kwanza, umejifungia breki utakazoweza kuweka. Ukiwa na kalipa mkononi, unaweza kupima.

Nilichukua kipande cha boksi, nikakikata kufuata umbo la kalipa na diski zikiwa zimefungwa kwenye gari, nikatembea nacho dukani. Unaingiza kile kipande ndani ya rimu, unazungusha, na unaona mara moja. Kuna sehemu mbili za kupima. Ya kwanza ni juu ya kalipa, yaani nafasi kati yake na ukuta wa ndani wa rimu. Ya pili, inayosahaulika zaidi, ni mbele ya kalipa, kati yake na miguu ya rimu, ile inayounganisha katikati na ukingo. Kuna rimu za inchi 17 zinazogonga kalipa kwa sababu miguu yake imekaa ndani, na rimu za inchi 16 zinazopita vizuri kwa sababu miguu yake imebetuka nje. Mimi nataka nione angalau milimita tatu pande zote, na nakumbuka vile vipande vya risasi vya balansi. Vikibandikwa ndani ya rimu karibu na kalipa, vinachukua nafasi ileile uliyokuwa unajivunia.

Muuzaji mmoja, kijana mkarimu, alinionesha rimu za Toyota Premio. "Kaka, hizi ni tano kwa mia, zinaingia Subaru bila shida." Kweli ni 5x100. Lakini tundu la katikati la rimu za Toyota za namna hiyo ni milimita 54.1, na kitovu cha habu ya Subaru ni milimita 56.1. Milimita mbili hizo zinatosha kuizuia rimu isikae bapa kwenye habu. Mtu mwenye haraka anaweza kuikaza kwa nati hadi ionekane imekaa, na akaondoka hivyo. Njia ya halali ni kuipeleka kwa fundi wa mashine ya kuchongea akaipanue kwa kipimo. Na nati nazo zina habari yake: nati za Toyota zina uzi wa 12x1.5, za Subaru ni 12x1.25. Zinaanza kuingia kwa zamu moja au mbili, kisha zinakuwa ngumu, na anayeendelea kwa bunduki ya upepo anaharibu stadi zote tano. Halafu kuna mdomo wa nati: rimu za asili za Toyota za miaka ile nyingi zinataka nati yenye washa bapa, za Subaru zinataka nati ya koni. Koni kwenye tundu la washa haishiki chochote. Nilimweleza kijana yule haya yote na kumwonesha kwa kipimo changu cha vernia, akaenda kuandika kwenye daftari lake. Nafurahi kila nikikumbuka.

Upande wa pili kuna rimu za kutengenezwa kwa ajili ya magari mengi, zenye tundu la katikati kubwa, mara nyingi milimita 73.1. Hizo zinaingia kila mahali, lakini zinahitaji ringi ya kujaza nafasi kati ya tundu na kitovu, ili rimu ikae katikati kabla nati hazijakazwa. Bila ringi, usukani unatetemeka ukifika kilomita 90 au 100 kwa saa, watu wanapiga balansi mara kwa mara, na balansi haina kosa.

Mwishowe nilipata rimu za Impreza yenyewe, za inchi 16, zimepigwa mhuri 7JJ (upana wa inchi saba) na 53, pamoja na alama ya JWL ya viwango vya Kijapani. Namba 53 ni milimita ambazo uso wa kukalia habu umesogea nje kutoka katikati ya upana wa rimu. Ukichukua rimu ya upana uleule yenye namba 38, gurudumu lako linatoka nje kwa milimita 15. Gari linapendeza kwa macho, lakini beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, usukani unaanza kufuata kila mfereji wa malori uliochimbika kwenye lami, na ukijaza familia nyuma tairi inakula fenda. Njia yetu ya Mbeya ina mifereji ya malori ya kutosha. Nimebaki na 53.

Kabla ya kulipa niliomba kila rimu izungushwe kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu, bila tairi. Mdomo wa ndani ndio unaopokea mashimo, na ndio usioonekana rimu ikiwa imepangwa dukani. Moja kati ya nne ilikuwa inacheza, tukaibadilisha. Iliyochomelewa mimi siichukui, hata kama imepakwa rangi vizuri.

Tairi nilichagua 205/50R16. Zile za zamani zilikuwa 205/55R15. Kipenyo cha zamani ni kama milimita 607, kipya ni 611. Tofauti haifiki asilimia moja, kwa hiyo spidomita na gia havikusumbuka. Nilinunua nne mpya, aina moja, za mwaka mmoja. Tarehe iko ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote, tairi zenye vipenyo tofauti zinafanya difu ya katikati, inayogawa nguvu ya injini mbele na nyuma, ihangaike muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka. Na kwa kila kitu nilichoandika hapa kuhusu diski na pistoni, kinacholisimamisha gari barabarani ni tairi. Breki inalizuia gurudumu lisizunguke. Baada ya hapo kazi ni ya mpira na lami. Kama bajeti inatosha kitu kimoja, nunua tairi.

Kufunga hakukuchukua muda mrefu kama kutafuta. Jambo ambalo mzee alilisimamia kuliko yote ni uso wa habu. Aliusugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, akapitisha kidole, akasugua tena. Punje ya kutu chini ya diski inaifanya icheze pembezoni, na mchezo wa sehemu ya kumi ya milimita unatosha kukutetemesha pedali baada ya kilomita elfu chache. Nati zilikazwa kwa mkono kwa mpangilio wa nyota, kisha kwa torki renchi kwenye Nm 90, na nikazirudia baada ya kuendesha kwa umbali kidogo. Bunduki ya upepo haigusi stadi zangu kwenye kukaza. Gereji zinajua, nami nasimama pale pale mpaka kazi iishe.

Pedi mpya na diski mpya zinahitaji kuzoeana. Alfajiri ya Jumapili nilikwenda barabara ya Bagamoyo, mbele ya Bunju, kukiwa hakuna gari nyuma yangu. Unatoka kilomita 80 unapunguza kwa nguvu hadi 20, unaachia, unaongeza mwendo tena, unarudia mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha unaendesha taratibu ili vipoe bila kugusa breki. Ukisimama huku umekanyaga pedali diski zikiwa na moto, pedi inaacha alama ya madini yake mahali pamoja. Alama hiyo ndiyo inayotetemesha gari baadaye, na mafundi wengi huiita diski kupinda. Hata Kitonga, ukifika chini na kukuta foleni, acha nafasi mbele uwe unasogea kidogo kidogo badala ya kuganda.

Safari iliyofuata ya kurudi Dar niliishuka Kitonga kwa gia ya pili na ya tatu, nyuma ya lori la mahindi, breki nikizigusa kwa nguvu na kuziachia, sikuzilaza. Pedali ilibaki pale pale kutoka kona ya kwanza hadi daraja la chini. Nilipumzika Ruaha Mbuyuni, nikatoa kipima joto cha mwanga na kuangalia diski zote. La muhimu kwangu ni kulia na kushoto zikaribiane. Upande mmoja ukiwa moto zaidi sana, kuna pistoni inayokwama. Zilikaribiana. Mke wangu, ambaye hajawahi kuniuliza chochote kuhusu gari, aliniuliza kwa nini safari hii hapakuwa na harufu.

Pedi hizi zinalia kidogo asubuhi zikiwa baridi, hasa kipindi cha mvua, na nimeamua kuzivumilia.

Limebaki suala la spea tairi, ambalo karibu kila aliyebadili breki hulikumbuka akiwa porini. Spea yangu ya zamani ni ya inchi 15, na kama nilivyosema, haiwezi kuvaa kalipa mpya za mbele. Ukipata pancha ya mbele inabidi utoe gurudumu la nyuma ulipeleke mbele, kisha spea uiweke nyuma: jeki mara mbili, usiku, ndani ya hifadhi ya Mikumi ambako hutakiwi hata kushuka kwenye gari. Nilitafuta rimu ya tano ya inchi 16 na tairi yake. Haizami yote kwenye shimo la buti, kapeti limeinuka, na begi kubwa sasa linasafiri kwenye kiti cha nyuma. Kabla ya kuondoka Dar niliipandisha gari kwa jeki uani na kuijaribu ile spea mbele kulia na mbele kushoto, nikaizungusha kwa mkono, na ilipita bila kugusa.